Paka Anapotafuna Pasipo na Kitu Kinywani

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kuhusu wanyama wafugwao nyumbani, lipo moja linalorudi mara kwa mara, nalo huulizwa karibu kwa maneno yale yale. Paka amejikunyata pembeni, hajala chochote, lakini taya zake zinakwenda kama za mbuzi anayecheua. Anameza mate, analamba midomo, anasogelea sahani, anainusa, kisha anageuka na kuondoka. Usiku anatapika povu jeupe au maji ya manjano. Kunapokucha, mwenye paka anakwenda dukani, anaeleza aliyoyaona, na muuzaji anamkabidhi kitu cha kumpa.

Makala hii inahusu hasa hicho anachokabidhiwa. Hata hivyo, haifai kukizungumzia kabla ya kueleza kutafuna huko kunatoka wapi, kwa kuwa mlaji asiyejua anachokitibu hununua lolote analopewa, na kwa paka kosa la namna hiyo mara nyingi halina marudio.

Paka hakuumbwa kutafuna. Ng'ombe na mbuzi husaga majani kwa kuzungusha taya huku na huku. Taya la paka hupanda na kushuka tu mfano wa mkasi, na meno yake 30 ya ukubwani ni ya kukamata, kurarua na kukata. Nyama akishaikata huimeza vipande vipande. Wala hacheui, maana hana tumbo la kurudishia chakula kinywani akisage upya. Basi paka anayetafuna kwa muda mrefu ilhali kinywa ni kitupu anafanya jambo lililo nje ya maumbile yake.

Yapo mambo mawili yanayofanana na hayo ambayo hayapaswi kumtia mtu wasiwasi. Paka aliyemwona ndege kupitia wavu wa dirisha huweza kutetemesha taya na kutoa sauti ya kukatakata. Hiyo ni hamu ya kuwinda. Tena paka, hususan dume, akinusa mkojo wa paka mwingine huinua mdomo wa juu na kubaki kinywa wazi kwa sekunde kadhaa kama aliyeshangaa, kwa sababu anaipeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilichomo katika kaakaa lake. Mambo haya hupita upesi, na paka akiwekewa chakula hula kama kawaida. Chakula ndicho kipimo chetu cha kwanza.

Kutafuna kusiko kwa kawaida huwa na asili mbili kubwa: tumbo au kinywa. Tumbo linapochafuka, mate hutoka kwa wingi ili kulinda koo na meno dhidi ya asidi inayokaribia kupanda. Paka huyameza, hulamba midomo, huyameza tena, na taya hucheza kwa kufuata mmezo huo. Hiki ndicho kichefuchefu cha paka, na mara nyingi hutangulia kutapika kwa dakika chache au kwa saa nzima. Ugonjwa wa kinywa nao ni mambo mengine. Hapo paka ana njaa, anakikimbilia chakula, anakidaka, kisha anakiachia kianguke. Huweza kuinamisha kichwa upande mmoja, kujikuna mdomo kwa mkono, au kuifokea sahani kana kwamba imemwuma. Mate yake huwa na harufu mbaya, na wakati mwingine yana damu.

Kwa maneno mengine, paka mwenye kichefuchefu hakitaki chakula. Paka mwenye maumivu ya kinywa anakitaka lakini anakiogopa. Tofauti hii si kamilifu, na tutaona mahali inapovunjika, lakini ukimweleza daktari wa mifugo kwamba umeiona mojawapo utakuwa umemwokolea muda mwingi.

Sababu za tumbo huanzia zile nyepesi. Chakula kilichobadilishwa ghafla; manyoya aliyoyameza alipojilamba; mende, mjusi au chura aliyemng'ata; minyoo, ambayo watoto wa paka huipata hata kwa kunyonya maziwa ya mama yao. Maziwa ya ng'ombe yamo katika orodha hii, ingawa wengi wetu tulilelewa tukiamini kuwa ndiyo riziki ya paka. Paka wengi wakishakua hupungukiwa na kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa, na sukari hiyo ikifika utumboni huchacha na kuleta gesi na kuhara. Paka anayapenda kweli, lakini mapenzi yake si ushahidi kwamba yanamfaa.

Zipo na sababu nzito. Paka mzee anayekunywa maji kuliko zamani, anayekojoa sana na kukonda, anaweza kuwa na ugonjwa wa figo. Sumu ambazo figo zimeshindwa kuzitoa huchafua tumbo, na papo hapo huweza kutia vidonda ulimini na kwenye fizi. Hapa ndipo tofauti yetu ya tumbo na kinywa inapovunjika, kwa kuwa paka huyu ana vyote viwili. Kongosho na ini navyo vikiugua huleta dalili zile zile.

Katika kinywa, adui wa kila siku ni ukoga unaoganda juu ya meno na kuzivimbisha fizi. Upo pia ugonjwa unaowapata paka wengi waliokomaa, ambao mwili wa paka huanza kulila jino lake wenyewe, mara nyingi karibu na ufizi, hadi sehemu yenye hisia ikabaki wazi. Ukiligusa jino hilo taya hutetemeka, hata kwa paka aliyelazwa usingizi kwa dawa. Jino la namna hiyo haliponi kwa kusuguliwa wala kwa dawa ya maji. Huhitaji kung'olewa na daktari. Tunalitaja kwa sababu wapo wanaouziwa vimiminika vya kusafishia kinywa cha paka mwezi baada ya mwezi, ilhali mnyama anazidi kukonda.

Mwiba wa samaki uliokwama kaakaani huonekana kwa urahisi. Uzi ni hatari zaidi, na hauonekani upesi. Nyumba yenye cherehani, mshipi wa kuvulia au kamba ya kufungia nyama ina kishawishi kikubwa kwa paka, naye ulimi wake una miiba midogo inayoelekea nyuma, hivyo akishaanza kuulamba uzi si rahisi kuutema. Mara nyingi uzi hujizungusha chini ya ulimi huku ncha ya pili ikiwa imekwisha kufika utumboni. Utumbo hujikunja juu ya uzi kama kitambaa kilichovutwa mshono. Mwenye paka akiuona uzi huo na kuuvuta, huukata utumbo kama msumeno. Usiuvute hata kidogo. Hilo ni jambo la kwenda nalo kwa daktari saa hiyo hiyo.

Tumetaja asili mbili kubwa. Iko ya tatu isiyo ya mara nyingi. Kifafa cha sehemu ndogo ya ubongo huweza kumfanya paka atafunetafune, adondoshe mate na kutikisika upande mmoja wa uso, macho yakiwa yamekodoka na asiitike akiitwa. Hudumu sekunde kadhaa au dakika moja mbili, kisha paka hurudi katika hali yake. Kwa kuwa daktari hatalikuta jambo hilo likitendeka, picha ya video ya simu ina thamani kuliko maelezo marefu.

Kisha kuna kichaa cha mbwa, ambacho jina lake huwafanya watu wasahau kwamba hata paka hukipata. Paka anayedondosha mate, taya limelegea, hawezi kumeza, na tabia yake imegeuka, aliyekuwa mpole amekuwa mkali au aliyekuwa mwoga anamfuata kila mtu, asitiwe mkono kinywani kwa namna yoyote. Afungiwe chumbani peke yake na ofisi ya mifugo ya eneo ijulishwe. Aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu haujapata kupona. Chanjo ya paka huanza kutolewa akiwa na umri wa miezi mitatu.

Sasa tuingie dukani.

Dawa inayowaua paka kwa nia njema pengine kuliko nyingine zote ni paracetamoli. Mtu humwona paka wake anaumwa, akakumbuka kwamba hata watoto hupewa dawa hiyo, akavunja kidonge. Mwili wa binadamu una kimeng'enya kinachoifunga dawa hii ndani ya ini na kuitoa nje kwa usalama. Paka ana uhaba mkubwa wa kimeng'enya hicho. Dawa hugeuka sumu, damu yake hushindwa kubeba hewa, fizi zikawa za rangi ya kahawia au kijivu, uso na nyayo zikavimba, pumzi ikawa ya shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka mzima. Hakuna kipimo kidogo cha nyumbani kilicho salama, wala nusu wala robo. Ibuprofeni, aspirini na diklofenaki nazo zimo katika kundi la dawa za binadamu zisizofaa kumpa paka kwa kukisia, kwa kuwa huchoma tumbo na kuharibu figo. Aliyekwisha kumpa asione haya kusema. Daktari akiambiwa mapema anazo njia za kusaidia. Akifichwa, atatafuta chanzo kingine huku wakati ukipita.

La pili ni dawa ya viroboto na kupe. Zipo dawa za kudondoshea shingoni zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, zenye kiwango kikubwa cha permethrini. Mbwa huivumilia, paka haiwezi. Saa chache baada ya kupakwa, huanza kudondosha mate, masikio na uso hutikisika, kisha mwili mzima hutetemeka na kufikia degedege. Mwenye kuona taya zikicheza na mate yakitoka huenda akadhani ni tumbo, akarudi dukani kununua dawa ya tumbo. Mlaji mmoja alitueleza kwamba aliuliza kama dawa aliyoonyeshwa inafaa kwa paka, akajibiwa kwamba mnyama ni mnyama, apunguze tu matone. Picha iliyokuwa kwenye pakiti ilikuwa ya mbwa peke yake. Katika mambo haya tunamshauri mlaji aiamini picha kuliko maneno. Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo zisitumike kwa paka hata zikichanganywa na maji mengi, kwa sababu paka hujilamba mwili mzima, na alichopakwa ngozini kitafika tumboni kabla ya jioni. Paka aliyekwisha kupakwa dawa isiyo yake aoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo, akaushwe vizuri asipate baridi, na apelekwe kwa daktari.

Hapa tuseme neno juu ya povu. Paka akipewa dawa chungu, na metronidazoli ni chungu mno, hutoa povu jingi na kutikisa kichwa kiasi cha kumtisha aliyemshika. Povu la namna hiyo hukoma baada ya dakika chache na halimaanishi kuwa amelishwa sumu. Linaloonyesha ni kwamba dawa imemwagika kinywani badala ya kumezwa, na pengine kipimo hakikufika. Lakini swali la kwanza libaki hili: ni nani aliyesema paka huyu anahitaji metronidazoli?

Kabla ya kulipia dawa yoyote ya mnyama, mlaji ana haki ya kuishika pakiti mkononi na kuisoma. Jina la mnyama limeandikwa? Uzito unaofaa umeandikwa? Paka wengi wana kilo tatu hadi tano, hivyo dawa ya mnyama wa kilo 20 haigawanyiki kwa jicho. Kiambato kikuu kimetajwa? Tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka, au imefunikwa kwa kibandiko cha bei? Hapa Tanzania dawa za mifugo, sawa na za binadamu, husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na dawa iliyomiminwa katika kichupa kisicho na maandishi haiwezi kumthibitishia mnunuzi lolote. Ikiwa muuzaji hataki pakiti isomwe, pesa irudi mfukoni.

Chakula cha paka nacho kina mitego yake. Katika maduka mengi huuzwa kwa kupimwa kutoka katika gunia lililofunguliwa, kwa kuwa mfuko mzima ni ghali. Hatuwalaumu wanaonunua hivyo. Mfuko wa kilo kumi si bei ya kila nyumba. Lakini mafuta yaliyomo katika chakula kikavu huharibika yakikaa na hewa na joto, na gunia lililokaa wazi kwa wiki nyingi hunuka mafuta yaliyochacha kabla ya tarehe yake kufika. Omba kuliona gunia lenyewe, soma tarehe, nusa, na uandike au upige picha namba ya toleo. Angalia pia kwamba ni chakula cha paka. Cha mbwa huwa nafuu, lakini paka huhitaji taurini, ambayo hupatikana katika nyama, na chakula cha mbwa hakilazimiki kuwa nayo ya kumtosha paka. Akilishwa hicho tu kwa miezi mingi, macho na moyo huweza kudhurika.

Namba ya toleo tunaisisitiza kwa sababu ya jambo lililotokea Marekani na Kanada mwaka 2007. Paka na mbwa walianza kukataa chakula, kutapika na kunywa maji mengi kupita kiasi, na wengi wakafa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Iligunduliwa kwamba unga wa protini ya ngano uliotoka China ulikuwa umetiwa melamini, kemikali ya kiwandani, ili vipimo vionyeshe protini nyingi kuliko iliyokuwemo. Makopo na pakiti zaidi ya milioni 60 ziliondolewa sokoni. Vyakula vilevile vilikuwa vikiuzwa kwa majina mengi tofauti, na aliyekuwa ametupa pakiti hakuwa na njia ya kujua kama chakula cha paka wake kimo katika orodha.

Mabaki ya mezani yana tatizo lake. Mchuzi wenye vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na kitunguu saumu vivyo hivyo. Samaki ni chakula chema, lakini mifupa iondolewe na apikwe, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiua. Ukitaka kubadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja.

Je, mtu asubiri kwa muda gani? Paka mzima aliyetapika mara moja, kisha akala na kucheza, aweza kuangaliwa nyumbani. Asiyekula kwa siku nzima apelekwe. Paka mnene asiyekula kwa siku mbili tatu yumo hatarini kwa sababu nyingine tena: mwili hukimbizia mafuta yake kwenye ini, na ini huzidiwa. Usimfungishe paka kula kwa makusudi ukidhani unalipumzisha tumbo, hasa mtoto wa paka. Bali anayetapika mfululizo, anayejaribu kutapika bila kutoa kitu, mwenye damu, mwenye fizi zilizobadilika rangi, anayeshindwa kupumua, au dume anayechuchumaa pasipo kukojoa, asingoje kesho.

Fizi hutazamwa kwa kuinua mdomo wa juu kidogo tu, penye mwanga, bila kutumbukiza kidole kati ya meno. Na kwa paka mwenye zile dalili za kichaa tulizozitaja, asiguswe kabisa. Kwa daktari nenda na pakiti ya chakula, pakiti ya kila dawa aliyopewa hata kama unaona aibu, video ya taya zinavyocheza, na kiasi cha matapishi katika chombo safi. Mbebe katika kikapu chenye kifuniko au boksi lenye matundu.

Uliza bei ya uchunguzi kabla haujaanza, na uombe kutajiwa kila kipimo na sababu yake. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na mlaji anaweza kuomba kuona cheti cha anayemhudumia. Dai stakabadhi yenye jina la dawa, si jumla ya fedha peke yake.

Ikiwa paka amedhurika kwa dawa au chakula ulichouziwa kwa maelezo ya uongo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa na matumizi ya bidhaa. Andika malalamiko mapema, ukitaja tarehe, duka, maneno uliyoambiwa na namba ya toleo. Ambatisha nakala ya stakabadhi pamoja na maelezo ya daktari, na ubaki na nakala halisi. Chakula au dawa iliyobaki usiitupe wala usiirudishe dukani kabla ya kupokelewa malalamiko. Ifunge katika pakiti yake, iandike tarehe, na uiweke mahali pakavu pasipofikiwa na watoto wala wanyama wengine.